Televisheni ya Marehemu

Juzi nilipeleka simu yangu kwa fundi mmoja pale Kibiti, karibu na stendi. Akaifungua, akapuliza vumbi, akaweka chuma chake cha kuchomelea kwenye moto, na moshi mwembamba wa lehemu ukapanda moja kwa moja puani kwangu. Nilijikuta nimeshakaa kwenye benchi bila kukaribishwa. Fundi akaniuliza, "Mama, kizunguzungu?" Nikamwambia ni jua. Nilimdanganya. Harufu ile ilikuwa imenirudisha kwenye umri wa miaka minane, nimechuchumaa nyuma ya televisheni iliyovuliwa mgongo, muda mfupi kabla sijajua kwamba watu wazima nao wanaweza kupiga kelele mpaka sauti ikakatika.

Sisi wa rika langu tunazikumbuka televisheni zile zenye kisogo. Yetu ilikuwa na kasha la mbao na kifuniko cha kitambaa alichokidarizi Mama, maua mekundu kwenye pembe nne. Baba aliinunua mtumba Dar es Salaam, akaileta Kibiti juu ya keria ya basi, imezungushiwa godoro na kufungwa kamba za mnazi. Nakumbuka wanaume wanne wakiishusha, na Baba akiwazunguka huku akiwasihi, "Taratibu jamani, taratibu, ina kioo ndani." Baba alikuwa mtu wa majini. Alibeba boriti za mikoko na magunia ya mpunga kwa mtumbwi kule delta, mto unapomwagika baharini, akikaa wiki mbili, tatu, halafu anarudi ananuka tope na samaki, anaoga, anakaa mbele ya televisheni yake na kuniweka mapajani, nami nachezea pengo la sikio lake la kushoto.

Nilipokuwa darasa la pili, wakati wa masika, mtumbwi wake ulikutwa umepinduka maeneo ya Salale. Kasia lilikutwa. Kandambili yake moja ilikutwa imenasa kwenye mizizi ya mikoko. Yeye hakukutwa. Walimtafuta siku sita. Mto ule una mamba, una viboko, na masika yale maji yalikuwa yamechafuka kama chai ya maziwa, kwa hiyo hakuna aliyeona ajabu kukosa maiti. Akasaliwa bila jeneza. Matanga yakakaa kwetu, na Baba mkubwa Athumani, kaka yake wa tumbo moja, ndiye aliyepokea mikono ya pole mlangoni.

Mama akaingia eda. Miezi minne na siku kumi alikaa ndani amejitanda nguo nyeupe, bila wanja, bila hina, bila mafuta yenye manukato. Alisuka mikeka ya ukindu mule mule chumbani, na ukindu aliousuka ulikuwa mweupe mtupu, hakutia rangi hata moja. Nilimwuliza Baba yuko wapi, akaniambia yuko mbele ya haki. Chuoni nako mwalimu alikuwa ametueleza juu ya giza la kaburi. Nikayaunganisha hayo mawili kichwani mwangu: Baba yuko mahali fulani mbele, na huko mbele kuna giza.

Basi televisheni ilipoanza kufifia, mimi sikushangaa. Niliamini inamfuata mwenyewe.

Haikufifia kwa siku moja. Kwanza ilianza kuchelewa. Ukiiwasha unasikia sauti za watu lakini huwaoni. Unakaa, unachambua mchele, unakwenda kuteka maji, ukirudi ndipo wanaanza kujitokeza kidogo kidogo kama watu wanaotoka kwenye moshi wa tanuri la mkaa. Kisha nyekundu ikatoweka. Nyuso zikawa za kijani, midomo ikawa myeusi, na damu ikawa kama dawa ya viatu. Mwishowe giza likaanza kula picha kutoka pembeni. Vyeupe vilionekana kwa mbali, vikiwa na mng'ao wa sufuria, lakini chochote chenye weusi kilizama. Tulitundika khanga madirishani mchana kweupe ili tuone. Tulisogea karibu mpaka pua zetu zinagusana na kioo. Mimi nikiwaangalia wale watu wa kijani nilifikiri wanaugua, na kwamba siku moja nitawasha nikute wote wamekufa, wamekwenda kule aliko Baba.

Watu walimshauri Mama aiuze kwa chochote atakachopewa. Alikataa. "Hiki ni kitu cha marehemu," alisema. "Kitakaa mpaka kizime chenyewe."

Eda ilipokwisha, akaanza kuja nyumbani Fundi Mbwana. Alikuwa mtu wa Mohoro aliyehamia Kibiti, mfiwa naye, mkewe alikufa akijifungua miaka mingi nyuma. Alitengeneza redio, pasi na televisheni katika kibanda cha mabati. Mtu mrefu, mpole, mwenye vidole vilivyoungua kwenye ncha mpaka havisikii moto. Alikuwa akishika kaa la jikoni kwa mkono kuwashia sigara yake, na mimi nikimtazama mdomo wazi. Alimposa Mama kwa njia ya heshima, kupitia kwa wajomba zangu, na wajomba wakaridhia. Aliyesitasita alikuwa Baba mkubwa. Hakuwa na haki ya kuzuia, lakini kila siku ya ndoa ilipotajwa alikuwa na neno. Mara mapema mno, mara watu watasemaje, mara tungoje mavuno ya mpunga. Wanawake walisema, "Maskini, bado anamlilia mdogo wake." Hatimaye wajomba wakachoka kungoja, wakaipanga ndoa Ijumaa ya wiki iliyofuata.

Jumamosi kabla ya Ijumaa hiyo, Fundi Mbwana alikuja na mkoba wake. Alikuwa ameona tulivyokuwa tukitundika khanga madirishani.

"Bi Tatu," alimwambia Mama, "niruhusu nikutazamie hii televisheni. Sikutozi kitu."

"Inaponyeka?" Mama aliuliza.

Aligeuza kasha, akafungua skrubu za nyuma, akafagia vumbi kwa brashi. Mimi nikachungulia. Nilitegemea kuwaona wale watu wadogo wa kijani wamelala. Niliona shingo ndefu ya kioo, na ndani yake, mwishoni kabisa, kijimoto kidogo cha rangi ya chungwa, chembamba kama uzi.

"Kinaumwa?" nilimwuliza.

"Hakiumwi, binti. Kimechoka." Alinionyesha kwa bisibisi, bila kugusa. "Unaona huu moto? Huu ndio unaochora picha. Umewaka miaka mingi, kwa watu waliokuwa nayo kabla yenu, sasa hauna nguvu. Umeme unaokuja ni ule ule, lakini wenyewe umeishiwa."

Kwanza alizungusha kitufe fulani kule nyuma. Picha ikaja juu, lakini ikaja na ukungu mweupe na mistari ya kukata, kama mtu anayetazama kupitia chandarua. Akatikisa kichwa, akakirudisha. Kisha akakaa kimya anafikiri, akamgeukia Mama.

"Kuna njia moja. Naweza kuuongezea huu moto umeme kidogo, juu ya ule uliopimiwa kiwandani. Picha itarudi, hata rangi. Lakini nikuambie ukweli: ni kukisukuma kioo kilichochoka. Kitang'aa miezi kadhaa, pengine mwaka, halafu kitazima moja kwa moja. Hivi kilivyo, kinaweza kuendelea kufifia miaka miwili mitatu. Chagua wewe."

Mama alikuwa ameshika kile kitambaa chenye maua mekundu. Alikikunja mara mbili, akakikunjua.

"Nimekaa gizani vya kutosha," alisema. "Iwashe."

Fundi Mbwana akatoa waya mwembamba wenye ngozi ya bluu. Akauzungusha mara mbili tu kwenye kile chuma cheusi kilicho kando ya shingo ya kioo, akakata mahali, akaunganisha mahali, lehemu ikayeyuka, moshi ukapanda. Mizunguko miwili! Nilisubiri afanye jambo kubwa zaidi, asome kitu, apulize. Hakufanya. Alifunga skrubu mbili za juu tu, akasema, "Wekeni kanda yoyote tuone."

Kanda iliyokuwa kwenye deki ilikuwa ile ile ya siku zote. Ilikuwa ya harusi ya mpwa wa jirani yetu Bi Zuhura, aliyeolewa Mbagala. Bi Zuhura alituazima kwa sababu Mama hakuhudhuria, na sisi hatukuwa na kanda nyingine ya maana, kwa hiyo tuliitazama mpaka nilijua kila kigelegele kinapoanzia. Bi Zuhura mwenyewe alikuwa amekuja kuchungulia kazi ya fundi, amekaa mkekani na bakuli lake la karanga. Baba mkubwa Athumani naye alipita kusalimia, tukamwekea kigoda karibu na mlango.

Picha ilikuja haraka, hata kabla hatujakaa vizuri. Na ilikuja na nyekundu. Sitasahau nyekundu ile. Hina ya bibi harusi, ambayo miezi yote nilidhani ni masizi, ilikuwa hina. Zulia lilikuwa jekundu. Midomo ilikuwa midomo. Bi Zuhura akapiga kigelegele, Mama akacheka, akajiziba mdomo kwa upande wa khanga, na Fundi Mbwana akasimama pembeni amekunja mikono kifuani, anatabasamu kama mtu aliyemvalisha mchumba wake nguo mpya.

Baada ya bibi harusi kutolewa nje kunakuja mahali ambapo mpiga picha anazunguka uani, chini ya banda lenye kivuli ambako wanaume wanapika. Sehemu hiyo siku zote tuliipeleka mbele, maana palikuwa na giza tupu, moto wa kuni ukimulika kwa mbali na sauti za masufuria. Safari hii hatukuipeleka mbele. Giza lilikuwa limeondoka. Tuliona ukuta wa matofali, tuliona masufuria, tuliona wanaume wenye majasho. Na kutoka kwenye kona ambayo miezi yote ilikuwa weusi mtupu, akatoka mwanamume mwenye fulana nyeusi amebeba sinia la pilau begani. Akageuka, akaitazama kamera, akacheka. Sikio lake la kushoto lilikuwa na pengo, pale ndoano ya samaki ilipomchana ujanani.

Picha ikaenda zake kwenye meza ya wazee.

"Rudisha," Mama alisema.

Fundi Mbwana akabonyeza. Yule mwanamume akarudi kinyumenyume kwenye kona, kisha akatoka tena, na sinia, na kicheko.

"Rudisha."

Mara ya tatu Mama alipiga magoti mbele ya kioo na kukigusa. Nilisikia ule umeme mdogo ukipasuka kwenye vidole vyake. Alipozungumza, hakugeuka.

"Bi Zuhura, harusi hii ilikuwa lini?"

"Shoga yangu..."

"Nakuuliza ilikuwa lini."

Bi Zuhura alikuwa ameshika karanga mkononi, hajaitia mdomoni. "Wewe hukuja," alisema taratibu. "Ulikuwa ndani. Ulikuwa na miezi mitatu kwenye eda."

"Na wewe ulikuwepo."

"Nilikuwa ndani na bibi harusi, wallahi. Uani kwa wapishi sikutia mguu, na kanda nimeitazama hapa kwako tu."

Ndipo Mama alipopiga ile kelele. Siwezi kuiandika. Haikuwa kilio, kilio chake nilikuwa nakijua, nilikisikia matanga mazima. Hii ilikuwa sauti ya mtu aliyekanyaga mahali alipodhani pana sakafu akakuta hapana.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa narukaruka kwa furaha. Nilipiga makofi. Katika akili yangu jambo lilikuwa wazi kabisa: Baba alikuwa gizani, fundi ameongeza moto, giza limeondoka, Baba ametoka. Sikuelewa kwa nini watu wazima hawafurahi. Nilimshika Fundi Mbwana kanzu nikapiga kelele, "Fundi amemtoa Baba! Fundi amemfufua Baba!"

Mama akageuka akanipiga kofi. Hakuwahi kunipiga kabla ya siku ile wala baada yake. Nilikaa chini mkekani, shavu linawaka, na kilichoniuma zaidi ya kofi ni uso wake, kwa sababu alinitazama kama hanijui.

Fundi Mbwana alikuwa amesimama vile vile. Bisibisi ilimdondoka, hakuiokota. "Bi Tatu," alisema, "mimi sikujua. Mimi nilitaka tu upate kuona." Kisha akatoka nje, akaacha mkoba wake wazi na chuma chake cha moto juu ya kipande cha bati.

Baba mkubwa alinyanyuka kwenye kigoda, akaenda ukutani, akachomoa waya. Kioo kikazima kwa nukta moja nyeupe katikati. Mama akamgeukia.

"Shemeji," alisema, "mbona wewe hukushtuka?"

"Nimeshtuka, shemeji."

"Hapana. Zuhura ameshtuka. Fundi ameshtuka. Wewe umekwenda kuzima."

Baba mkubwa alikuwa mtu wa kuheshimiwa. Alikuwa anaadhini msikitini pindi mwadhini anapougua. Nilimwona akikaa chini sakafuni, sakafuni kabisa, mtu mzima na kanzu yake nyeupe.

"Sikujua mwanzoni," alisema. "Wallahi sikujua. Tumetafuta sote, nimezamia mwenyewe. Matanga yalikuwa yameshakaa. Siku ya tatu ya matanga akanitumia mtu kutoka Nyamisati, nikaenda nikamkuta yuko hai. Mtumbwi ulipinduka kweli. Aliogelea akatoka. Akaniambia, kaka, niache nife. Akaniapisha."

"Ukaapa."

"Niliapa."

"Kisha ukarudi hapa. Ukakaa mlangoni pangu ukapokea mikono."

Baba mkubwa akavua kofia yake, akaiweka magotini.

"Ukanisomea dua mimi. Ukamsomea na huyu mtoto." Sauti ya Mama ilikuwa imeshuka mpaka ikawa kama ya mtu anayeuliza bei sokoni. "Na Ijumaa ungekuja kula pilau ya ndoa yangu, mke wa mtu naolewa na mume mwingine, nawe unajua?"

"Ndiyo maana nilikuwa nachelewesha," alisema Baba mkubwa, na akaanza kulia. "Nilikuwa nachelewesha, shemeji. Sikujua nifanye nini."

Nimeshakuwa mtu mzima, nimeona mengi, na mpaka leo hilo ndilo linalonishtua kuliko sinia na kicheko. Kwamba mtu anaweza kuijua habari kama ile, akala chakula kwako, akakuamkia asubuhi, akakushikia mtoto kichwa na kumwombea rehema baba yake aliye hai. Baba alikosea mara moja, kwenye matope ya Salale. Baba mkubwa alikosea kila siku alipotuuliza habari za asubuhi.

Kesho yake, Mama akiwa amelala na uso ameugeuzia ukutani, nilibeba mkoba wa Fundi Mbwana nikampelekea kibandani kwake. Ulikuwa mzito, niliuburuta. Nilimkuta amekaa, mikono magotini, hafanyi kazi yoyote, na redio tatu zimefunguliwa mbele yake. Nikamwamkia. Akaitikia. Nikamwambia nilichokuja kumwambia.

"Fundi, uongeze mzunguko mmoja wa waya. Miwili imemleta mpaka kwenye kioo. Ukiongeza wa tatu atatoka nje."

Alinitazama, na nilidhani atacheka. Watu wengine wangecheka. Alinisogezea kopo la rangi nikae.

"Sikiliza, mwanangu. Mimi sikumtoa popote. Baba yako alikuwa mle kwenye kanda tangu siku ya kwanza mlipoitia kwenye deki. Kila mkiitazama, alikuwa anapita na sinia lake. Kioo chenu ndicho kilichokuwa hakiwezi kumwonyesha."

"Kwa hiyo hakuwa gizani?"

"Alikuwa uani kwa watu, mchana kweupe."

"Kwa hiyo hakufa?"

Fundi alikuwa na kila sababu ya kutamani Baba awe amekufa, sasa naelewa. Ndoa yake ilikuwa imebaki siku tano. "Hakufa," alisema. "Muulize mama yako yaliyobaki. Mimi si haki yangu."

Yaliyobaki sikumwuliza Mama. Niliyasikia mwenyewe siku ya nane, nikiwa nyuma ya pazia, kwa sababu Mama alikuwa amempa Baba mkubwa ujumbe mmoja tu: "Mlete. Nilimlilia bila maiti, sasa aje na maiti yake niione."

Na alikuja. Aliingia kwa mlango wa uani, mchana, wakati watu wako mashambani. Alikuwa amenenepa kidogo. Alikaa kwenye mkeka, si kwenye kiti. Walikuwepo yeye, Baba mkubwa, shehe wa mtaa wetu, na Mama aliyekaa amenyooka, amejipaka wanja kwa mara ya kwanza tangu masika yale.

Baba alieleza akitazama mikono yake. Kulikuwa na mwanamke Mbagala, alikokuwa akipeleka boriti. Kulikuwa na mimba. Ndugu za mwanamke walikuwa wakali. Nyumba mbili hakuweza kuzilisha, na kila aliporudi Kibiti alikusudia kumwambia Mama na kila mara alishindwa. Kisha mtumbwi ukapinduka. Alikaa juu ya mizizi ya mikoko mpaka maji yakapwa, hana kitu mwilini ila bukta, na akafikiri kwamba pale alipo tayari watu wanamhesabu amekufa.

"Ulishindwa kunitaliki uso kwa uso," Mama alisema.

"Nilishindwa."

"Ukaona afadhali ufe."

"Nikaona afadhali nife," alisema. "Nilifikiri utalia, halafu utapoa. Marehemu hachukiwi."

Shehe alikohoa. Akauliza kama Mama anataka kuendelea na ndoa, kwa kuwa ndoa bado ipo. Mama akasema anataka talaka, hapo hapo, kwa ulimi na kwa karatasi. Baba akaitamka. Nilisikia kalamu ikikwaruza karatasi. Shehe, kwa sauti ya upole, akamkumbusha Mama kwamba sasa itambidi akae eda ya talaka kabla ya kuolewa na mwingine.

"Eda nyingine?" Mama aliuliza.

"Ndiyo, binti yangu. Hiyo ndiyo sheria."

"Na ile ya kwanza, shehe? Miezi minne na siku kumi. Ile nilimkalia nani?"

Nilikuwa nimeshika pazia kwa meno. Niliwaona wanaume watatu wakitazama mkeka wa Mama, ule mweupe usio na rangi, kana kwamba jibu limesukwa mle ndani.

Aliikaa hiyo ya pili. Hakulia hata mara moja. Alisuka kwa rangi zote, zambarau na kijani na nyekundu, na alimaliza mikeka minne. Baadaye aliolewa na Fundi Mbwana, na huyo ndiye aliyenilea, aliyenilipia shule na kunishika mkono siku ya ndoa yangu. Televisheni ilizima kabla mwaka haujatimia, kama alivyosema. Ilizima mchana, katikati ya taarifa ya habari, ikabaki sauti peke yake, na Mama akaitoa nje siku hiyo hiyo. Baba mkubwa hakurudi kuadhini tena. Hakuna aliyemkataza. Alijikataza mwenyewe.

Lakini siku ile ya talaka mimi sikuyajua hayo ya mbele. Baba alitoka uani, akanikuta nimesimama kwenye kivuli cha ukuta. Alisita, kisha akaja, akachuchumaa, akaniwekea kiganja kichwani. Pamoja na yote niliyoyasikia nyuma ya pazia, pamoja na yote aliyoniambia fundi, moyo wangu wa miaka minane ulikuwa bado una mahali palipokataa kuelewa. Nilikuwa nimejikaza kupokea mkono wa baridi. Mkono ulikuwa wa moto, una jasho, unanuka sigara na vitunguu. Ulikuwa mkono wa mtu yeyote.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba," nilimwuliza, "ulipotoka kwenye maji, kwa nini hukuja nyumbani kwanza?"

Aliuondoa mkono. Akasimama, akaanza kuvaa viatu vyake, akaingiza mguu wa kulia kwenye kiatu cha kushoto, akavua, akavaa tena. Kisha akapita kwenye uwazi wa ua, akashika njia ya barabarani, na nikamtazama mpaka nyumba za watu zikamficha. Nilimwona tena mara moja tu, nikiwa tayari na watoto wangu, nikamwuliza swali lile lile kwa maneno yale yale. Siku hiyo nayo aliinama, akatafuta viatu vyake.